Siku moja maishani mwangu: macho ya babu na breki ya daladala

Saa 12 na nusu asubuhi. Daladala niliyopanda Wete ilisimama katikati ya mteremko kumsubiri mama aliyekuwa akija mbio na kikapu chake, na dereva akawa ameikanyaga breki huku gari likitaka kushuka lenyewe. Mama alipokwisha kukaa, dereva aliinua mguu tu na gari likaondoka, bila ya kukanyaga mafuta. Kwetu Pemba, kwenye vilima vingi, jambo hili halimshangazi mtu, lakini lilinikaa kichwani siku nzima.

Saa 2. Kliniki ya maradhi ya mishipa ya fahamu ilianza kama kawaida: ganzi za miguu kwa wenye kisukari, mtoto wa kifafa aliyeishiwa dawa, na foleni ndefu ya kupima presha.

Saa 4. Aliingia babu mmoja, fundi wa mashua wa zamani, akiongozwa na mjukuu wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Haya macho yananihangaisha. Huyu ni mtoto wa jicho, mimi namjua."

Babu ana ugonjwa wa Parkinson: mkono wa kulia unatetemeka na hatua zake ni fupi. Chumba cha macho kilikuwa kimekwisha kumpima, na hakuna mtoto wa jicho aliyeonekana. Hata hivyo duka moja lilikuwa limemuuzia miwani mbili, na sikufurahi hata kidogo kusikia hivyo.

Nilimwomba aitazame pua yangu, nikanyanyua ngumi mbili pembeni, kisha nikachomoza kidole kimoja. Macho yakaruka na kukifikia vyema. Baadaye nikabadilisha: nilikionyesha kidole kidogo tu, nikakificha, nikamwambia asubiri mpaka nimruhusu ndipo apatazame pale kilipokuwa. Safari hii macho yaliruka yakakomea njiani, yakaruka tena kidogo, kisha mara ya tatu, mfano wa mtu anayeteremka ngazi gizani kwa kupapasa.

Hapo ndipo breki ya asubuhi iliponirudia. Kuruka kwa jicho, ambako kwa kawaida huchukua kati ya milisekunde 20 na 100, huamriwa na kolikulo ya juu, sehemu ndogo iliyo kwenye shina la ubongo. Kolikulo hiyo haiachwi huru. Ndani kabisa ya ubongo yamo mafundo ya seli yaitwayo gangilia basali, na fundo moja kati yake, sabstansha nigra, huipelekea kolikulo ishara za kuizuia, makumi kadhaa kwa kila sekunde, hata tunapokuwa tumetulia. Jicho linapotakiwa kuruka, fundo jengine, kodeti, huinyamazisha nigra kwa muda mfupi sana, na kolikulo ikaachiwa. Kwa hivyo kodeti haisukumi jicho. Inalizuia lile linalozuia. Watafiti Okihide Hikosaka na Robert Wurtz waliionyesha breki hii ya nigra juu ya kolikulo kwa kima, nchini Marekani, mwaka 1983. Na walipoinyamazisha nigra ya upande mmoja kwa dawa, macho ya kima yalirukaruka upande wa pili bila ya kuweza kuzuilika.

Katika Parkinson hufa seli za sehemu ya jirani ya nigra hiyohiyo, zile zitoazo dopamini, kemikali ya kupelekeana ishara baina ya seli, na kodeti ikikosa dopamini huiachia breki kwa shida. Kidole kinachoonekana kina nguvu ya kulivuta jicho, kwa sababu habari zake huifikia kolikulo kwa njia nyengine pia. Kilichobaki kwenye kumbukumbu peke yake hakina msaada huo. Nilimweleza babu kwa lugha ya mashua na kamba ya nanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika kuliko nilivyotarajia.

Saa 8 mchana. Niliwapa wanafunzi wawili zoezi gumu zaidi: kidole kikichomoza kulia, watazame kushoto. Wote wawili walikosea mara ya kwanza, wakacheka, kwani hata mzima macho yake humponyoka. Bali mzima hujirekebisha upesi, na anayekosea kila mara hunifanya nimchunguze zaidi.

Saa 9 alasiri. Mjukuu alirudi kuchukua karatasi ya dawa. Nilimsisitizia kikombe na makubadhi ya babu viwekwe mahali pa kuonekana, na njia ya chooni iwe na taa.

"Na hizi miwani mbili, daktari, nimpe bibi?"

Nikamwambia amlete bibi apimwe kwanza.