Nilivyopata sare nikiwa nyuma kwa askari mmoja

Hapa Malaba, upande wa Uganda, wachezaji wa chesi ni watu wa kusubiri: madereva wa malori wanaongoja karatasi za forodha, na sisi mawakala tunaozifuatilia. Benchi moja linakalisha Mteso, Msamia, Msomali na mtu wa Mombasa, kwa hiyo hata kutaniana ni kwa Kiswahili. Na ukijulikana ni Mganda, lazima uulizwe kama unatoka Katwe, mtaa wa Kampala, kwa kina Phiona Mutesi, yule mchezaji chesi maarufu.

Mpinzani wangu alikuwa dereva mzee wa Mombasa, mkali hasa. Dakika 15 kila mtu, saa ni ya simu. Tulipomaliza kulana kete, kila mmoja alibaki na mfalme na ngome (kete inayokwenda mstari mnyoofu), ila yeye alikuwa na askari wa ziada, yuko nyumba ya e5 (safu za wima za ubao ni a hadi h, mistari ya mlalo ni 1 hadi 8). Watazamaji wakaanza kumpongeza. Mimi sare ilinitosha kuongoza siku ile.

Vijana wengi hukariri mianzo ya mchezo, miisho ya ngome hawaigusi. Mimi naona ingefaa iwe kinyume. Nilikuwa nimejizoeza kinga ya Philidor, Mfaransa mtunzi wa muziki aliyeichambua mwaka 1777. Mfalme wangu nikamtuliza e8, mbele ya askari. Ngome nikaiweka a6, ikaziba mstari wote wa sita. Mfalme wake aliyekuwa d5 hana pa kupandia. Yeye anazungusha ngome yake, mimi nasogea b6, narudi a6.

"Kijana, utacheza hivyo mpaka lini?"

"Mpaka uchoke, mzee wangu."

Akachoka. Akasukuma askari e6, nami papo hapo nikaishusha ngome hadi a1. Ile nyumba ya e6, ambayo mfalme wake angejikinga humo askari akiwa chini yake, sasa imekaliwa na askari mwenyewe. Akapanda d6, akitishia kunifunga kwa ngome mstari wa nane. Cheki (yaani namshambulia mfalme wake), ngome yangu iko d1. Akarudi e5: cheki, e1. Akaenda f6: cheki, f1. Akishuka kuifukuza ngome yangu anamwacha askari, na bila mfalme askari huyo hafiki mstari wa nane kugeuka malkia.

Saa yake ilikuwa inakwisha. Akanipa mkono, akasema ni sare, kisha akazipanga kete upya zilivyokuwa na kuugeuza ubao. Alitaka kujaribu upande wangu.