Kijijini Uingereza: nendeni kwenye mikutano ya halmashauri

Ndugu zangu mnaoishi vijijini huku England, wengi wetu tumeletwa na kazi za kutunza wazee, na tunalipa kodi ya halmashauri kila mwezi bila kuisoma bili yenyewe. Isomeni. Chini ya fungu la kaunti na la polisi kuna mstari mdogo wenye jina la kijiji. Hela hiyo inakwenda parish council, halmashauri ya kijiji, na wanaoipangia matumizi ni majirani zenu mnaokutana nao dukani.

Si chombo cha kanisa. Sheria ya mwaka 1894 ndiyo iliyoondoa mambo ya kijiji mikononi mwa kanisa na kuyakabidhi kwa watu waliochaguliwa. Leo England ina halmashauri za ngazi hii zipatazo 10,000. Madiwani wake hawapungui watano, na kwa kawaida hawana mshahara. Anayelipwa ni karani, tena mara nyingi kwa saa chache tu kwa wiki.

Kwetu Tanzania halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa usimamizi wa ardhi. Ya huku haigawi ardhi. Mtu akiomba kujenga, inatoa maoni tu. Uamuzi ni wa ngazi ya juu. Kazi zake ni uwanja wa watoto, makaburi, kibanda cha basi, njia za miguu zinazokatiza mashambani, pipa la chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa barafu. Ni mambo madogo, lakini mama mwenye kigari cha mtoto akikuta njia imefungwa na miiba, hilo kwake si dogo.

Hapa kijijini kwetu, Shropshire, mikutano hufanyika jioni ukumbini. Ajenda inabandikwa ubaoni mapema, maana sheria inataka siku tatu kamili kabla. Kinachonivutia zaidi ni malipo. Karani anayasoma moja moja: mkata nyasi, bima, umeme wa ukumbi, hata stempu. Mzee mmoja aliuliza kwa nini ankara ya nyasi imepanda. Hakuna aliyemnunia. Karani alifungua faili, akamsomea bei ya zamani na mpya, wakaendelea. Natamani kila mkutano mkuu wa kijiji nyumbani usomewe mapato na matumizi kwa utulivu wa namna hiyo. Sheria yetu inaruhusu. Tunachokosa ni mazoea ya kuuliza.

Nyasi zenyewe zilizua mjadala mrefu. Wengine walitaka kingo za barabara zisikatwe mpaka mwisho wa Julai, maua ya porini yakomae yaangushe mbegu na nyuki wapate chakula. Wengine wakasema nyasi ndefu kwenye kona zinamziba dereva. Wakakubaliana: kona zikatwe, kwingine pasubiri. Sheria ya mwaka 2006, iliyoongezewa nguvu 2021, inaibana hata halmashauri ndogo kama hii ifikirie uhai wa mimea na wanyama katika kazi zake. Mimi niliyekulia mahali ambapo msitu wa kijiji ulikwisha huku tukiuangalia, nilifurahi sana kuona watu wazima wakibishana saa nzima kwa ajili ya maua ya kando ya barabara.

Sasa haki zenu. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi hapa ni raia wa Jumuiya ya Madola, hivyo anaweza kujiandikisha na kupiga kura bila kungoja pasipoti ya Uingereza. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea. Ndugu wa Kongo na Burundi sheria hiyo haiwagusi, ila mkutano ni wa wazi kwa kila mtu, na kwa kawaida wananchi hutengewa muda wa kusema.

Na kwa mnaolilia mchicha na matembele: halmashauri nyingi hukodisha vipande vya bustani kwa bei nafuu kwa mwaka. Kama kijijini kwenu havipo, chini ya sheria ya 1908 wakazi sita waliojiandikisha kupiga kura au wanaolipa kodi ya halmashauri wakiandika barua ya kuviomba, halmashauri inawajibika kulizingatia ombi lao. Tafuteni watano, mwandikieni karani kabla ya majira ya kupanda.