Skopu (darubini ya kulengea) ya bunduki ya upepo: nilivyokosea na ninavyochagua sasa

Yule sungura alikuwa yadi 14 tu kutoka pale nilipolala. Nilizihesabu kwa miguu baadae, mara mbili, mana sikuamini. Jioni ya mwezi wa sita, hakuna upepo, bunduki nimeiegemeza kwenye begi, mnyama katulia anakula majani pembeni ya ua wa miiba, na mimi kwenye karatasi nilikuwa napiga vizuri tu kwa yadi 30. Nikafyatua, ikampata kwenye taya. Ilibidi nikimbie nimmalizie kwa mkono, na zile sekunde mpaka namfikia sijazisahau mpaka leo, yule mnyama hakustahili vile, na bunduki haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye skopu niliyoichagua mwenyewe kwa kuangalia namba kubwa.

Nipo England, nawinda kwenye shamba la mzee mmoja ambaye kanipa ruhusa ya maandishi, sungura, panya wa ghalani, na njiwa wanaomaliza mazao yake (njiwa hapa wana leseni ya jumla yenye masharti yake, isome yote kabla hujamgusa hata mmoja). Nyama sili mimi, kwetu Waislamu mnyama aliepigwa kichwani akafa pale pale bila kuchinjwa ana mjadala wake kwa masheikh, namwachia mzee. Bunduki yangu ni Weihrauch HW97 ya springi, risasi za .177, yani milimita 4.5, nguvu yake chini ya futi-paundi 12 ambazo ni kama jouli 16, ndo kiwango ambacho England na Wales mtu mzima anamiliki bila cheti. Scotland ni tofauti, kule tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti. Na hii HW97 haina kilengeo cha chuma juu ya mtutu, ukiinunua lazima uweke skopu, kwahiyo hela ya skopu ni sehemu ya hela ya bunduki, itenge toka siku ya kwanza.

Skopu yangu ya mwanzo niliagiza mtandaoni, 6-24x50, maana yake inakuza mara 6 mpaka 24 na lenzi ya mbele ni milimita 50. Bei ndogo, picha nzuri. Nilichokuwa sikijui ni kwamba fokasi yake ilikuwa imefungwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100 na huwezi kubadilisha, ni ya watu wa bunduki za baruti wanaopiga mbali. Sisi wa upepo maisha yetu yote yapo kati ya yadi 8 na 45 hivi.

Hapo ndo linakuja suala la paralaksi, na nitakaa hapa kidogo mana ndo roho ya jambo lenyewe. Ndani ya skopu kuna picha ya mnyama na kuna ule msalaba wa kulengea, na hivi viwili visipokaa sehemu moja, jicho likihama kidogo msalaba nao unahama juu ya mnyama wakati bunduki yenyewe haijatikisika hata unywele. Umeshawahi kukaa siti ya mbele kwenye daladala ukachungulia mshale wa spidi? Dereva anaona 60, wewe wa pembeni unaona 65, mshale ni ule ule ila macho yapo sehemu tofauti. Sasa chukua lenzi ya milimita 50 iliyofungwa yadi 100, ulenge kitu kilichopo yadi 14, jicho likiwa limekaa pembeni kabisa kosa linaweza kufika sentimita 2. Kichwani mwa sungura sehemu ya kumuua papo hapo ina upana kama wa milimita 25 tu, piga hesabu mwenyewe.

Kama unayo skopu tayari jaribu hivi leo leo. Hakikisha bunduki haina risasi, ilaze juu ya mfuko wa mchele, mbele yake yadi 12 bandika karatasi yenye kidoti, sogeza mfuko mpaka msalaba ukae juu ya kidoti, halafu toa mikono. Usiguse kitu. Chungulia tu huku unasogeza kichwa taratibu juu, chini, kushoto, kulia. Mimi nilikuwa nimebandika sarafu ya peni moja badala ya kidoti, na msalaba ulikuwa unatoka nje kabisa ya sarafu, unarudi, unatoka upande wa pili. Nikakaa chini pale kwenye nyasi. Kumbe yule sungura nilimlenga taya bila kujua.

Kwahiyo sa hivi swali langu la kwanza kwa muuzaji yoyote ni moja, hii inashika fokasi kuanzia yadi ngapi? Ikiwa na pete ya kufokasi kwenye lenzi ya mbele au kifundo cha pembeni, na inashuka mpaka yadi 10 au chini ya hapo, tunaendelea kuongea. Ikiwa haina, hata anipe bure, labda iwe ni ndogo ya kukuza mara 4 iliyotengenezwa kwa bunduki za upepo na imefungwa karibu, kama yadi 30 hivi, hizo zinafaa kabisa kwa panya ghalani.

Swali la pili linategemea bunduki uliyonayo. Ya springi inapiga mateke mawili. Ukifyatua, pistoni ndani inaruka mbele na bunduki inarudi nyuma, halafu pistoni ikifika mwisho inagonga ule mto wa hewa na bunduki inavutwa mbele ghafla. Skopu nyingi za bunduki za baruti zimeimarishwa kwa teke la kurudi nyuma tu, hili la mbele linazichana. Yangu ilidumu wiki sita, asubuhi moja nachungulia nakuta msalaba umezunguka umekuwa kama alama ya kuzidisha. Kwa hiyo tafuta iliyoandikwa wazi kwamba inahimili bunduki ya springi. Wenye PCP, zile za chupa ya hewa, teke karibu hakuna, nyie kwenye uimara mna uhuru, hangaikeni na paralaksi tu.

Na hilo teke la springi linatembeza skopu nzima kwenye reli, ile njia ya juu ya bunduki ambapo skopu inafungwa. Reli za HW ni za milimita 11 na zina matundu juu yake, basi nunua vishikio vyenye pini ya kuingia kwenye tundu, la sivyo kila baada ya makopo mawili ya risasi utakuta skopu imerudi nyuma na wewe unadhani umesahau kulenga.

Ukuzaji sasa. Watu wanapenda 24, wanapenda 32, nawaelewa, dukani inapendeza. Lakini sungura wanatoka jioni jua likizama, na upana wa mwanga unaokufikia machoni ni lenzi ya mbele ugawe kwa ukuzaji. 50 kwa 24 unapata milimita 2 na kidogo, wakati mboni ya jicho gizani inaweza kufunguka mpaka karibu 7. Unaona ukungu tu. Lenzi ya 40 ukiikuza mara 6 unapata 6 na nusu na zaidi, mnyama unamwona mpaka masharubu. Mimi sasa ninayo Hawke 4-12x40 yenye pete ya mbele, jioni nakaa kwenye 6, mchana kwenye karatasi nakaa 10, ile 12 nadhani nimeigusa mara tatu. Na ikikuza sana kila mpigo wa moyo unauona kwenye msalaba, unaanza kuvuta triga kwa haraka ukidhani umeukamata wakati sahihi, ndo unaharibu.

Msalaba wenyewe chagua wenye vidoti au vimstari vya kuhesabia, mana risasi ya upepo haiendi kama uzi. Bunduki yangu nimeisawazisha yadi 30, yani hapo risasi inagonga pale pale msalaba ulipo, na kuanzia 18 mpaka 32 ipo sawa kwa milimita chache tu. Ila yadi 10 inapiga chini kama sentimita 1.3, watu wengi wanashangaa hapo, wanasema karibu mbona inashuka? Ni kwa sababu skopu imekaa juu ya mtutu kama sentimita 4 na nusu na risasi bado haijapanda kuufikia mstari wa jicho. Yadi 40 inashuka tena sentimita 2 na nusu hivi. Wenye .22, zile risasi kubwa zaidi ya zangu, inashuka zaidi, risasi nzito inakwenda taratibu. Yule sungura wa yadi 14, hata bila paralaksi nilikuwa chini milimita 6, vikakutana vyote viwili. Angalia pia kwamba kwenye skopu nyingi nafasi kati ya vidoti ni ya kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi 10, ukishusha zinabadilika. Zipo ambazo msalaba unakua pamoja na picha, hizo hazina shida hiyo lakini bei inapanda na kwenye ukuzaji mdogo msalaba unakuwa mwembamba sana jioni.

Kama wewe ni wa shabaha tu na huwindi, mambo yanageuka. Kuna mchezo wa fild taget ulioanza hapa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, vibati vyenye umbo la wanyama vinaanguka ukipiga kwenye duara, umbali mpaka yadi 55, na wale wanakuza mara 35 mpaka 50 kwa sababu wanatumia kifundo cha pembeni kupima umbali, wanazungusha mpaka picha iwe kali halafu wanasoma namba. Ila kwenye ule wa mtindo wa kiwindaji, HFT, ukishaanza hauruhusiwi kugusa skopu, si ukuzaji, si fokasi, kwahiyo wengi wanaiacha kati ya 8 na 10 na kufokasi katikati, yadi 20 na kitu. Mimi nashiriki huu wa pili, ndo umenifundisha kukadiria umbali kwa macho kuliko kitu kingine chochote.

Ndugu zangu wa nyumbani mnaoniuliza niwanunulie niwatumie, hapana. Kenya uwindaji wa wanyama pori ni marufuku tangu 1977, na bunduki ya upepo usichukulie ni toi kwa sababu haina baruti, nenda kituo cha polisi ukaulize kwanza.

Kufunga. Usikaze skrubu kwa hasira, skopu ni bomba jembamba linabonyea. Kaza zamu kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo. Kunyoosha msalaba mimi natumia timazi ya mafundi ujenzi, naining'iniza yadi 25 mbele, bunduki imekaa sawa haijainamia upande, nazungusha skopu mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi, ndo nakaza. Msalaba ukiinama kidogo, kwa umbali mfupi hutaona kitu, ila yadi 40 risasi zinaenda pembeni na utalaumu upepo.

Halafu ipime kabla hujaiamini kwa mnyama. Karatasi kubwa yadi 25, piga tano katikati. Fungua vifuniko vya vifundo vya kurekebishia, zungusha kliki 12 juu (kliki ni kila hatua ya kifundo), kama kliki zako ni za robo dakika ya pembe risasi zitapanda kama sentimita 2, piga tano. Kliki 12 kulia, tano. 12 chini, tano. 12 kushoto, tano za mwisho ziangukie juu ya zile za kwanza. Zisiporudi, irudishe dukani wakati risiti bado ipo. Zikirudi, rudisha vifuniko vya vifundo, na ndani ya kifuniko cha lenzi bandika kikaratasi cha umbali na vidoti. Mimi ninavyo viwili, kimoja cha ukuzaji wa 10, kimoja cha 6, na mstari wa yadi 14 nimeupigia wino mwekundu.