Karanga niliyoificha wiki tatu

Mama Neema alikuwa amekwenda msibani Mpwapwa, mimi nikabaki nyumbani na watoto. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Novemba, mawingu yameanza kujikusanya, na hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, karibu kila ua ulikuwa na watu wanamenya karanga za mbegu. Nimekaa kwenye turubai, ungo mapajani, Neema ananisaidia, mdogo wake anazunguka akiokota zinazodondoka. Huyu mdogo tunamwita Babu, maana amerithi jina la marehemu baba yangu. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa.

Neema akamtekenya. Babu akacheka mdomo umejaa, na kicheko kikakatika katikati.

Macho yakamtoka. Akakohoa, akakohoa, midomo ikaanza kuwa ya kijivu. Nikamwinamisha, nikampiga mgongoni, nikamtia kidole mdomoni (hilo la kidole lilikuwa kosa, nilikuja kuambiwa). Akatapika ute uliochanganyika na maganda mekundu ya karanga, akalia kwa nguvu, akaomba maji. Dakika kumi baadaye anakimbiza kuku. Nikamgeukia Neema: "Mama akirudi tusimwambie, atatugombeza bure." Neema ana miaka saba. Akaitikia kwa kichwa.

Mama Neema alirudi Jumatatu akamkuta mtoto mzima. Jumatano kikohozi kikaanza, Ijumaa homa.

Zahanati walisema homa ya mapafu, tukapewa amoksilini. Homa ikashuka, kikohozi kikabaki, na siku chache baada ya dawa kuisha homa ikarudi. Kituo cha afya wakampiga sindano za siku tano. Duka moja la dawa likatuambia hiyo ni pumu, tukauziwa dawa ya kuvuta. Kila mahali mama mtoto aliulizwa maswali yaleyale: kikohozi kimeanza lini, anatapika, chanjo zimekamilika, nyumbani kuna mwenye kifua kikuu? Hakuna aliyeuliza kama mtoto amewahi kupaliwa. Siwalaumu sana. Msimu ule wa vumbi benchi zima lilikuwa linakohoa, na mwenye jibu alikuwa mimi, nimesimama nje naongea na simu. Nilishajiaminisha kwamba karanga ilitoka yote kwenye matapishi.

Nesi mmoja pale kituoni alinifundisha kitu kilichonisaidia. Alisema mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano, akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika huku ametulia, huyo anapumua haraka kupita kiasi, asisubiri kesho. Basi usiku nikawa namvua shati akiwa usingizini, nawasha saa ya simu, nahesabu tumbo linavyopanda na kushuka. Usiku mmoja nikapata 46. Nikaweka sikio mgongoni kwake. Upande wa kushoto pumzi inaingia na kutoka kama kawaida. Kulia kuna mluzi mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili. Nikarudi kushoto, hakuna. Kulia, upo. Ugonjwa uliokuja na vumbi, mbona umechagua upande mmoja? Nilirekodi ule mluzi kwenye simu, nikalala macho wazi.

Kilichonifungua mdomo ni kimeo. Mama mkwe alifika kumwona mjukuu, akamsikiliza anavyokohoa, akasema, "Huyu si wa hospitali. Kimeo kimerefuka, kinamkwangua koo. Kuna mzee anakata, mtoto anapona siku hiyohiyo." Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Huku kwetu watu wazima wengi tumekatwa, nami nimo. Ladha ya damu ile bado naikumbuka. Mama Neema alikuwa amechoka, hajalala vizuri tangu kikohozi kianze. Akakubali. Wakapanga kwenda Jumamosi alfajiri.

Usiku wa Alhamisi nikamwambia. Nilitarajia ugomvi, na ugomvi ningeumudu. Alikaa kimya, kisha akaanza kuuliza kama karani: Siku gani? Saa ngapi? Alibadilika rangi? Ulimsikia akivuta pumzi kwa sauti? Akachukua kadi ya kliniki, akaandika yote nyuma yake kwa kalamu ya Neema. Akanipa. "Kesho unampeleka wewe Dodoma, Baba Neema. Na hili ulilonieleza mimi, unamweleza daktari kwa mdomo wako."

Tulipanda basi la kwanza. Mbande, Chamwino, Ihumwa, tukashuka Nanenane, tukachukua bajaji hadi hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo tu. Nikaanza kwa kueleza homa na dawa, nikajisikia nazunguka, nikakata: "Daktari, huyu alipaliwa karanga mbele yangu, wiki tatu zilizopita, na sikumwambia mtu." Akaacha kuandika. Akamsikiliza Babu mgongo kulia, kushoto, kulia tena. Nikamchezea ile rekodi, akaisikiliza mara moja tu, akaita mwenzake wa masikio, pua na koo.

Picha ya eksirei ilipotoka mimi niliitafuta karanga kwenye kioo. Haionekani, akanieleza. Sarafu ingeonekana, msumari ungeonekana. Karanga mionzi inaipita kama inavyopita nyama. Wao wanatafuta athari yake. Pafu la kulia lilikuwa jeusi zaidi na limetuna kuliko la kushoto, kwa sababu hewa ilikuwa inaingia lakini haitoki. Mtoto akivuta pumzi njia inatanuka kidogo, hewa inajipenyeza pembeni ya karanga. Akitoa pumzi njia inasinyaa, karanga inageuka kizibo. Na mara nyingi kitu kikipita koo la hewa huangukia kulia, kwa kuwa bomba la kulia ni pana zaidi na limesimama wima zaidi.

Nikamuuliza mbona siku zile za kwanza alikuwa mzima. Akasema ule ukimya ndio mtego wenyewe. Kitu kikishatulia mahali, njia ya hewa inakizoea, kikohozi kinapoa, kila mtu anasahau. Huku ndani karanga inanyonya maji na kuvimba, mafuta yake yanachubua kuta za njia, makohozi yanakwama nyuma yake, vijidudu vinapata makazi. Antibayotiki inapunguza homa na chanzo kinabaki palepale. Hii nimeielewa vizuri kuliko hesabu zote nilizosoma shule.

Kuitoa walisema hakuna kisu. Mtoto analazwa kwa nusukaputi, bomba la chuma lenye taa linapitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, na koleo ndogo inaingia ndani ya bomba hilo. Hatari ni kwamba karanga iliyokaa wiki tatu imelainika, inaweza kumeguka, kipande kikaziba upande mzima. Niliweka sahihi mkono unatetemeka. Lakini kwangu sehemu ngumu ilikuwa asubuhi ile, mtoto hatakiwi kula kitu, na mama mmoja kitanda cha jirani anamnywesha wa kwake uji. Babu alinyoosha mkono kuelekea kile kikombe mpaka akachoka.

Mama Neema akafika saa nne, tukakaa nje ya chumba cha upasuaji bila kusemezana. Nikawa namfikiria baba yangu, mwenye jina. Alikuwa kijana mdogo Waingereza walipoleta matrekta Kongwa mwaka 1947 wakitaka kulima karanga za kulisha viwanda vyao vya mafuta. Ilipofika 1951 mradi wenyewe ukatupwa, na mzee alicheka mpaka uzee wake kila akisimulia. Leo karanga moja imemlaza jina lake mezani. Sikumwambia mke wangu hilo. Halikuwa jambo la kuchekesha mtu pale.

Zaidi ya saa moja baadaye daktari alitoka na kikopo cha plastiki. Ndani mlikuwa na nusu ya karanga, imetutumka, rangi ya chai ya maziwa, na vipande viwili kama punje za mchele. Mama Neema alikipokea, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama muda mrefu, akanikabidhi mimi nikishike.

Babu aliamka sauti imekauka, analia kama jogoo anayejifunza kuwika. Walisema ni lile bomba, ingerudi, na siku ya pili ikarudi. Siku ya tatu wakaturuhusu. Gharama zilikula mbuzi wawili, tuyaache hayo.

Kabla hatujatoka nesi wa wodi alinikalisha na mto wa kitanda, akanifanyisha mazoezi mbele ya wenye wagonjwa. Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa sauti, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia wala kuvuta pumzi, mwinamishe kichwa kiwe chini ya kifua, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, na kama ametimiza mwaka, mkumbatie kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, sukuma kuelekea ndani na juu mara tano, rudia, na mtu mwingine awe anatafuta usafiri. Aliye chini ya mwaka haminywi tumbo. Unamlaza chali, unamsukuma katikati ya kifua. Kidole hakiingii mdomoni kama hukioni kitu, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi. Na karanga nzima asipewe mpaka afike miaka mitano. Nikasema sisi ni watu wa Kongwa. Akasema basi zitwangeni, mlenda wenyewe unazitaka zilizotwangwa.

Tulifika nyumbani jioni. Mama mkwe alikuwa mlangoni, akampokea mjukuu, akaweka sikio mgongoni kwake bila kusema lolote kuhusu kimeo. Neema alikuwa amesimama kando ya pipa la maji, hasogei. Nikamwita. Akaja polepole, akamtazama mama yake, akanivuta mkono niiname, akaninong'oneza: "Baba, bado ni siri?"