Uvimbe wa Mafuta kwa Mtoto Mdogo: Ninavyoutafutia Jina

Huku Mtwara, mtoto wa mwaka mmoja mwenye uvimbe kwapani au pajani huletwa hospitali ikiwa imeshasemwa kuwa ni jipu. Jipu lina joto na linauma. Huu nikiupapasa ni laini, mtoto anaendelea kunyonya bila kushtuka, na mama anasema umekua haraka ndani ya miezi michache. Hapo sikimbilii kisu.

Nazima taa, namulika tochi. Uvimbe wa limfu (majimaji ya mwili) hupitisha mwanga vizuri. Wa mafuta hupitisha hafifu, kwa hiyo tochi pekee haitoshi. Ultrasaundi yenye dopla, yaani inayoona mtiririko wa damu, huonyesha kama ni mishipa ya damu iliyojaa. Vipimo naandika kwa sentimita, pande zote tatu, maana "kama limau" haisaidii mwezi ujao.

Ikiwa ni mafuta na mtoto hajafika miaka 3, la kwanza kufikiria ni lipoblastoma, uvimbe wa mafuta machanga usio saratani. Haisambai mwilini, lakini mabaki yake huota tena. Kuvuta kwa sindano nyembamba mara nyingi hutoa matone ya mafuta tu. Bora kuutoa wote, bila kukata neva. Ukipasuliwa ni njano iliyopauka, umegawanyika vipande kwa kuta nyeupe, na pengine pana utelezi.

Majibu mengi ya maabara huharibikia kwenye chupa ya kupelekea nyama iliyotolewa. Fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, ya asilimia 10 ni sehemu 1 ya fomalini kali kwa sehemu 9 za maji yenye bafa (chumvi za kuzuia ukali wa asidi), na iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Hupenya taratibu, takriban milimita 1 kwa saa, na kwenye mafuta huchelewa zaidi. Kwa joto letu kitovu cha nyama nene huoza kabla haijafika. Nafunga uzi kuonyesha upande, kisha napasua kutoka upande mmoja bila kutenganisha. Chupa iwe na mdomo mpana, kwani nyama hukakamaa. Isigandishwe.

Kwenye fomu ya maabara umri usikosekane kamwe! Bila umri, utelezi ule unaweza kusomwa kuwa saratani ya mafuta, ambayo kwa watoto wadogo ni nadra mno. Shaka ikibaki, naomba kipimo cha PLAG1, jeni ambayo huvurugika kwenye lipoblastoma.

Ufuatiliaji ni wa miaka. Nachukua namba mbili za simu, ya mama na ya jirani, kwa sababu msimu wa korosho ukifika familia nyingi huwa mashambani.