Kuchora ufuko wa Mwanza kwa kompyuta

Nimeanza kujifunza kutengeneza ramani za kidijitali kwa QGIS, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua na kuitumia. Kuweka nukta za vituo vya daladala kuanzia Igoma hadi Mkuyuni ni kazi nyepesi, wala haihitaji maelezo marefu.

Kilichonishughulisha zaidi ni mfumo wa majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo kwenye ramani. Data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, huja kwa kawaida katika WGS 84, yaani kwa nyuzi za latitudo na longitudo, hivyo ukitaka kuchora ukanda wa mita 500 kutoka ufukweni, huna budi kwanza kulihamishia tabaka lako (kundi moja la data kwenye ramani) kwenye mfumo mwingine, UTM kanda ya 36 Kusini, ambamo Mwanza imo na vipimo ni vya mita. La sivyo, programu itaihesabu 500 hiyo kuwa ni nyuzi.

Ufuko nao una vitimbi vyake. Katika picha za setilaiti, magugu maji yaliyosongamana huonekana ya kijani kama shamba, na anayefuata rangi peke yake ataipunguza Ghuba ya Mwanza bila kujua. Mimi hulinganisha picha za tarehe mbalimbali, kwa kuwa magugu husukumwa na upepo, ilhali Jiwe la Bismarck na Kisiwa cha Saanane havibanduki. (Hapo, nadhani, aliyekulia kando ya ziwa humzidi mwalimu wa darasani.)

Kwa sasa naandaa tabaka la mialo, yaani sehemu za ufukweni zinakotia nanga mitumbwi ya wavuvi, nikianzia Kirumba.