Nilivyopata lenzi pana ya vyumba vya Mji wa Kale

Usiku ule wa hina ulikuwa ghorofani, katika nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, isiyo mbali na Ndia Kuu. Chumba kizuri, chenye dari ya boriti za zamani, lakini chembamba kama kichochoro. Bibi harusi kakalishwa mkekani, somo yake yuko kuliani, shangazi zake wamemzunguka, nami mgongo umegota kabatini, pa kurudi nyuma hapana. Kamera yangu ilikuwa Sony A6000 niliyoinunua mkononi mwa mtu, bila lenzi, na lenzi pekee niliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu ya milimita 50 (milimita zikipungua, lenzi huona pana zaidi). Nilipata uso wa bibi harusi na mkono wa somo. Siku ya kukabidhi picha, mama mwenye shughuli alizitazama zote kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona dada zangu hawamo?"

Swali lile liliniuma. Shughuli za wanawake zataka mpiga picha mwanamke, na nyumba inayokufungulia mlango usiku wa hina imekuamini. Nikaazimia kutafuta lenzi pana. Mpya zilinishinda bei, kwa hiyo nikageukia za zamani, zile za kuzungusha fokasi kwa mkono.

Nilianza vibaya. Nilinunua lenzi ya milimita 28 mtandaoni kwa shilingi 9,000, kwa kuwa kila niliposoma niliona 28 ikiitwa pana. Ni kweli, ila ni pana kwenye kamera ya filamu ya milimita 35. Sensa ya A6000 ni ndogo kuliko fremu ya filamu ile, inachukua sehemu ya katikati tu ya picha. Ukitaka kujua utaona upana gani, zidisha kwa 1.5. Ile 28 yangu ikawa kama 42, na shangazi wakabaki nje vilevile. Juu ya hayo, nilipoimulika ndani niliona nyuzi nyeupe zimetambaa kama utando wa buibui. Kuvu. Muuzaji alikuwa ameandika kuwa kioo ni safi, na pesa hazikurudi.

Kilichonifungua macho ni sanduku la bati la mzee mmoja wa Bondeni aliyewahi kuwa na studio. Jamaa wa mama yangu ndiye aliyenipeleka. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, akalisukuma sanduku mbele yangu. Nikaitoa ya kwanza, nikaanza kusoma maandishi ya mbele. Akanizuia. "Mwanangu, usianze na jina. Igeuze."

Tangu siku hiyo kila lenzi naanza kuitazama nyuma, kwenye kitako, pale inapoingia kwenye kamera. Kitako ndicho kinachokwambia lenzi ni ya ukoo gani, na kama utaweza kuitumia. Ikiwa na hesi kama mfuniko wa chupa, pima kipenyo: milimita 42 ni M42, hesi iliyotumiwa na Pentax ya zamani, na kamera nyingi za Ujerumani Mashariki na za Kisovieti. Ikiwa na makucha matatu na juu ya pete ya tundu, ile inayoongeza na kupunguza mwanga, kuna kijipembe cha chuma mfano wa masikio ya sungura, hiyo ni Nikon. Canon FD za mwanzo zina pete pana nyuma inayozunguka yenyewe kukaza. Jina la mbele linaweza kukupoteza. Vivitar, kwa mfano, ilikuwa kampuni ya Marekani iliyoagiza lenzi kutoka viwanda mbalimbali vya Japani, na lenzi mbili zenye jina hilohilo huenda zikawa za watengenezaji wawili tofauti kabisa. Hapo ndipo namba ya lenzi inapofaa. Namba ya Vivitar ikianza na 28 imetoka Komine, 22 ni Kino, 37 ni Tokina, na tarakimu ya tatu mara nyingi ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa. Iliyokuwa sandukuni ilikuwa ya milimita 28, na namba yake nayo ilianza na 28. Lenzi nzuri, lakini nilikuwa nimeshajifunza kuhusu milimita 28, nikairudisha.

Zilibaki tatu. Canon ya milimita 24 ilikuwa imekwama pete ya fokasi, nikaiweka kando. Mbili nyingine zilikuwa Nikkor, ndilo jina la lenzi za Nikon: moja imeandikwa Nikkor-N, milimita 24, f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu limefunguka zaidi), na ya pili Nikkor-UD, milimita 20, f/3.5, kubwa, yenye kioo cha mbele kipana kama kikombe cha chai. Mzee akanifundisha kusoma herufi zile. Nikon wa zamani waliandika idadi ya vioo kwa herufi za namba za Kilatini na Kigiriki: H ni sita, S saba, N tisa, na UD ni moja na kumi, yaani kumi na moja. Ile ya 24 ilinipa tamaa, kwa maana ilipotoka mwaka 1967 ndiyo iliyoleta ule ufundi wa vioo vinavyosogea kwa kupishana unapokaribia kitu, ili pembe za picha zisilegee.

Nikawasha tochi ya simu. Tochi huipitishi katikati tu, unaipitisha kwa mshazari kutoka nyuma huku tundu limefunguliwa lote, kisha unageuza lenzi na kufanya hivyo kutoka mbele. Vumbi kidogo halina neno, lenzi ya miaka hamsini lazima iwe nalo. Mkwaruzo mwembamba mbele nao hauharibu sana. Kinachoharibu ni nyuzi za kuvu, kwa sababu kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga na hata kioo chenyewe, ukisafisha alama hubaki. Na kinachoharibu kimyakimya ni utando wa ukungu kioo cha ndani, kama pumzi iliyogandia dirishani. Nikkor ya 24 ilikuwa nao. Chumba kikiwa na taa moja kali mbele yako, utando ule huigeuza picha nzima kuwa ya maziwa.

Ya 20 ilikuwa safi ndani. Ila visu vinavyolifunga tundu vilikuwa vimelowa mafuta, jambo la kawaida kwa joto letu, kwani grisi huyeyuka na kutambaa. Kwenye kamera ya filamu hilo ni kasoro kubwa, maana visu lazima vifunge kwa kasi kila unapobonyeza. Kwangu mimi si kitu: kwa adapta, kiungo cha kuvisha lenzi kwenye kamera isiyo ya ukoo wake, tundu nalifunga mwenyewe kwa pete kabla ya kupiga, likichelewa sekunde hainidhuru. Nilimweleza mzee hivyo bila kumficha, naye akanishushia hadi 14,000. Kwa sensa yangu 20 huwa kama 30, na hiyo ndiyo nafasi niliyoikosa kabatini.

Adapta ndiyo iliyonichelewesha, na nafikiri wengi wanailaumu lenzi bure kwa kosa la adapta. Kutoka kitako cha Nikon hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Kwenye Sony ni 18. Kwa hiyo adapta lazima iwe na urefu wa 28.5 barabara. Ile ya bei rahisi niliyonunua kwanza ilikuwa fupi. Nilikwenda Fort Jesus asubuhi, nikasimama mahali pa kuona ng'ambo ya maji, nikazungusha fokasi. Ng'ambo ilikuwa kali pete ikiwa bado inasoma karibu mita 4, na nikiendelea kuelekea mwisho, kila kitu kinafifia. Hesabu yake yatisha: kwa lenzi ya milimita 20, kosa la sehemu ya kumi ya milimita latosha kuihamisha alama ya mwisho, ile ya vitu vya mbali kabisa, mpaka mita 4. Kwa lenzi ya 50, kosa hilohilo lingeonekana kwenye mita 25, labda usilione kamwe. Nikabadilisha adapta.

Kisha nikaupiga ukuta wa ngome. Ukuta wa matumbawe ni kipimo kizuri kuliko karatasi yoyote, una vishimo na mikwaruzo kila mahali. Simama uso kwa uso nao, piga f/3.5, f/5.6, f/8, f/11, halafu kuza pembe nne. Usiangalie katikati, katikati karibu kila lenzi ni kali. Pembe zangu zililegea sana kwenye f/3.5, zikakaza vizuri kwenye f/8. Na pembe zote nne zililegea sawasawa. Moja ingekuwa mbovu kuliko wenzake, ningejua kuna kioo kimepinda kwa kuanguka. Nikaielekezea pia jua likiwa pembeni, na hapo uzee wake ukaonekana: madoa ya rangi yalivuka picha. Naikinga kwa kiganja.

Kama kamera yako ni ya aina hii, ruhusu kwenye menyu ipige bila lenzi, la sivyo itakataa, maana haiitambui lenzi isiyo na umeme. Kwa chumba cha hina naweka f/8, pete kwenye mita mbili na nusu, na kila kitu kuanzia mita moja na robo hadi ukutani ni kali vya kutosha. Macho yangu yanabaki kwa watu, si kwa pete. Mwanga ukipungua nafungua tundu na kutazama kwenye kioo cha kamera zile rangi zinazoonyesha kilicho katika fokasi. Jambo moja nalichunga: lenzi pana hutanua walio pembeni. Shangazi wa watu simweki pembeni akatoka na uso mpana, pembeni naweka mlango, sinia ya hina, au mito. Na kamera naishika usawa wa macho ya walioketi, bila kuiinamisha.

Lenzi haikai tena mkobani. Pwani yetu ni ya unyevu mwaka mzima, na masika ndiyo kabisa. Inalala kwenye kopo la plastiki lisiloingiza hewa, pamoja na vifuko vya silika ninavyovikausha rangi ikibadilika, na kipima unyevu kidogo ninachokilinda kisipite asilimia 50. Mara kwa mara naitoa ipate mwanga wa dirisha.

Mzee aliomba kuona kazi ya lenzi yake. Picha za hina siwezi kumwonyesha, nazo ndizo zilizotoka vizuri kuliko zote, dada wote wa mama wamo. Nikampelekea ile ya ukuta wa ngome, f/8, nimeichapisha kubwa. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani, akaanza na pembe.